Maambukizi ya nini, Mhariri?

Mhariri,

Gazeti lako hufika Newala mchana, na siku nyingine jioni kabisa basi likichelewa. Wengi wetu hatulinunui. Tunalisoma likiwa limebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya muuza magazeti, kwa hiyo tunachosoma ni kichwa cha habari na picha tu. Wiki iliyopita kichwa kilisema "Maambukizi yaitikisa Kusini", kwa herufi nyekundu. Magharibi ilipoingia, watu watatu walikuwa wameshafika dukani kwangu kuulizia barakoa. Mmoja, mama mtu mzima, aliinama juu ya kaunta akaninong'oneza: "Dokta, ni ule ule wetu wa siku zote au umekuja mwingine?"

Nikamtuma kijana akanunue nakala. Ilikuwa aya ya tano ndipo mlipotaja kwamba mnazungumzia matende na mabusha.

Matende, Mhariri, huletwa na mbu. Mbu anamwachia mtu vijidudu ambavyo hukua na kuwa minyoo myembamba kama uzi, na minyoo hiyo hukaa kwenye mitoki na mishipa yake. Kwa kawaida hupati kwa kuumwa na mbu usiku mmoja, ni kuumwa miezi na miaka. Barakoa haina kazi hapo. Chenye kazi ni chandarua, pamoja na vile vidonge vya kingatiba wanavyopita kugawa, ambavyo baadhi ya majirani zangu huvitia mfukoni wakisema watameza wakifika nyumbani. Tayari tunao wazee wanaoapa kwamba busha linatokana na kunywa madafu. Sasa gazeti nalo limewaongezea wasiwasi wa kukaa karibu na mwenye mguu uliovimba.

Mimi nina duka la dawa muhimu, haya ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kufika kwetu. Watu huniita dokta. Si dokta. Nilisomea kozi ya wauzaji, basi, lakini nimekaa nyuma ya kaunta miaka kumi na minne na neno hili nimelisikia katika nguo zake zote. "Nina infeksheni." "Nina wadudu kwenye damu." "Nimepima, nimekutwa na maambukizi." "Nipe zile rangi mbili za infeksheni, nusu dozi." Nikiuliza infeksheni ya wapi, mtu anaweza hata kukasirika, kana kwamba nimemuuliza mshahara wake. Na zile kapsuli za rangi mbili, kazi yake ni kuua bakteria peke yake. Mafua yanaletwa na virusi, hayazisikii. Fangasi hazizisikii. Minyoo ndiyo kabisa. Lakini kwa mteja yote hayo ni maambukizi, na maambukizi dawa yake ni rangi mbili.

Hilo ningeweza kulivumilia, ndiyo biashara. Kilichonifanya nishike kalamu ni mama yangu mdogo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, alikuwa anabangua korosho nyumbani. Wanaoijua kazi hiyo wanajua: unazikaanga kwenye karai kuukuu lililotobolewa matundu, ganda linatema mafuta, moshi unatoa machozi, zikipoa unagonga moja moja. Mafuta ya ganda lile yanaunguza ngozi, ndiyo maana mikono hupakwa jivu kabla ya kuanza. Siku hiyo jivu lilikuwa limelowa mvua, akasema ngoja nimalizie hiki kidebe tu. Kesho yake kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vikatoka malengelenge. Akayatumbua kwa mwiba wa mlimau. Nilimgombeza, akanijibu kwamba mwiba wa mlimau ulikuwa unamtoa yeye funza kabla mimi sijazaliwa.

Siku ya nne kidole cha shahada kilikuwa kimevimba hadi ngozi inang'aa, kina joto lake peke yake, na mtoki umetoka kwapani. Mwenyewe alisema, "Kidonda kimechafuka." Hivyo ndivyo tunavyosema. Kimechafuka, kimetunga usaha, kikizidi ni donda ndugu. Nikampeleka kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Walimhudumia vizuri, lazima niseme. Alikuwa amejifunga kipande cha kanga, kimegandana na usaha na ngozi, kikawa kama kimeshonwa. Nesi hakukivuta. Alichukua maji ya chumvi yaliyochemshwa akawa anayadondosha kidogo kidogo pembeni ya kitambaa, anasubiri, anadondosha tena, mama mdogo macho yake yakiwa kwenye dari anahesabu bati. Ilichukua karibu nusu saa. Kitambaa kikaachia chenyewe, bila damu.

Halafu nesi yule yule, mwenye mikono ya upole namna ile, akatoa kichwa mlangoni akaliuliza benchi zima: "Nani yuko na yule mama mwenye maambukizi?"

Benchi likageuka. Nikanyanyuka.

Newala ni mji, lakini kwa habari za namna hiyo ni uani. Mama mdogo huuza vitumbua asubuhi. Kwa kidole kile nilikuwa nimeshamkataza kugusa unga, binti yake ndiye aliyekuwa anapika. Bakuli lililozoea kurudi tupu saa mbili, wiki hiyo lilirudi na vitumbua ishirini na saba. Nilivihesabu mimi.

Kidole kilipona kwa siku kumi na mbili. Mwezi uliofuata kukawa na msiba mtaa wa pili. Mama mdogo, kwa miaka mingi, misiba ya mtaa wetu ndiye mshika mwiko wa wali, hakuna anayebishana naye kuhusu chumvi. Alipofika jikoni, mwanamke mmoja akamtoa mwiko mkononi taratibu, akasema, "Wewe dada pumzika, umeumwa sana." Akapewa kazi ya kupokea wageni. Jioni mwingine akanifuata pembeni: "Na vile vidonge vyake vya kila mwezi anachukulia kwako au anakwenda mbali?"

Niseme la haki hapa, maana wapo watakaoandika kunijibu. Kidole chenye usaha hakina ruhusa kwenye chakula cha watu. Bakteria wa kwenye usaha wakiangukia wali, na wali ukakaa umepoa, wanaweza kutapisha msiba mzima. Kama wangemtoa jikoni kidole kikiwa kibichi ningewashukuru. Ila siku ya msiba kidole kilikuwa kizima, na kilichomtoa jikoni hakikuwa kidole. Na hata kingekuwa hicho walichokidhania, VVU havipiti kwenye mwiko. Wako wateja wangu wanaoishi navyo, wanameza dawa zao, na wanapika kwenye misiba hiyo hiyo bila mtu kujua wala kudhurika.

Nimelifikiria sana neno hili tangu wakati ule, na naona tatizo limekaa kwenye kitenzi chenyewe. Kuambukiza ni kazi ya wawili. Kuna anayetoa na anayepokea. Ukisema "ameambukizwa", sikio la Mswahili linasubiri "na", na baada ya "na" linasubiri jina la mtu. Tena tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogundulika nchini, kule Kagera mwaka 1983, neno hilo limefanyishwa kazi moja kwa miaka arobaini, kwenye redio, kwenye mabango, kwenye semina za vijana. Mtu akisema "ana maambukizi" akanyamaza, kunyamaza kwake kumeshataja ugonjwa. Wataalamu wao wana maana pana zaidi: vimelea vyovyote vikiingia mwilini vikaanza kuzaana, hayo ni maambukizi, yawe yametoka kwa jirani, kwa mbu, kwa udongo, au kwa tumbo lako mwenyewe. Kwenye vitabu vyao ni sawa. Kwenye benchi la kituo cha afya ni maneno mawili tofauti yaliyovaa kanzu moja.

Chukua pepopunda. Bakteria wake wako kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, wanaingia kwa kidonda cha msumari au jembe, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu. Unaweza kumuuguza mgonjwa wa pepopunda, ukamlisha na kumwosha, usiupate. Sasa nimeona imeandikwa "maambukizi ya pepopunda". Kaambukizwa na nani, na jembe?

Au chukua hii inayoitwa yutiai, ambayo siku hizi kila maumivu chini ya kitovu ni yutiai, na ikirudi mara ya pili ni yutiai sugu. Mwanamume mmoja alikuja dukani na cheti cha mkewe, amekikunja mara nne. Kimeandikwa maambukizi katika njia ya mkojo. Hakuwa amekuja kununua dawa. Alitaka nimwambie, kama dokta, nani kamwambukiza. Mkewe alikuwa amesimama nje, chini ya mwembe, hataki kuingia. Nikamweleza kwamba mara nyingi bakteria wale ni wa tumboni mwa mtu mwenyewe, wanaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu, wa kwake na wa kwangu. Kwa mwanamke, njia ya mkojo ni fupi, sentimita nne hivi, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo safari yao si ndefu. Akaniuliza tena, "Sawa, lakini kaambukizwa." Nikamwambia, shemeji, futa hilo neno, soma hivi: bakteria wameingia kwenye mkojo. Akatulia. Alinunua dawa, na alipotoka nikamwona anamkabidhi mkewe chupa ya maji. Sijui walizungumza nini njiani.

Cha ajabu, kuna mahali neno hili limekaa sawasawa, nalo ni kwenye mikorosho. Ubwiriunga unaambukizwa kweli. Ni ukungu, unalifunika ua la mkorosho kama jivu jeupe wakati wa baridi, upepo unauchukua kutoka mti hadi mti, shamba hadi shamba, na jirani asiyepulizia anakuponza wewe uliyepulizia. Hapo bwana shamba akisema "maambukizi", kila mkulima anaelewa, na anakwenda kutafuta salfa. Shida ni pale mkulima anapolichukua neno hilo akarudi nalo nyumbani. Mzee mmoja kutoka upande wa Kitangari aliletwa kwangu na kidonda cha panga kwenye muundi, kidonda chote kina unga wa manjano. Alikuwa amejipaka salfa. "Si mliniambia kina maambukizi?" Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na neno moja, na alikuwa ameona kwa macho yake dawa inayoliponya.

Jirani zetu wa Lindi nao wana lao. Julai 2022, kule Ruangwa, watu waliugua homa na kichwa, wengine wakitoka damu puani. Wizara ilipotangaza, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Kabla ugonjwa haujapata jina, uliitwa "maambukizi yasiyojulikana", na binamu yangu aliyekuwa anafundisha huko alirudi kwa basi akiwa na mafua ya kawaida, akapenga kamasi mara moja tu, siti nzima ikabaki yake hadi Masasi. Baadaye ikajulikana ni homa ya mgunda. Mgunda ni shamba kwa Kiyao, na jina limebeba habari yote: vimelea wako kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, wanaingia kwenye maji na matope, na mwenye mguu uliochanika akikanyaga wanampata. Mtu kumpa mtu ni nadra sana. Jina hilo lilipotoka, maswali ya barakoa dukani yalikwisha, yakaanza maswali ya sumu ya panya na ya viatu vya mpira. Neno moja lililochaguliwa vizuri liliwafanya watu watazame chini badala ya kutazamana.

Tuna mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekuja kila mwezi kuchukua dawa zake za presha, na benchi langu la nje ni darasa lake la mwisho. Yeye anasema dawa ni kutofautisha irabu: "maambukizi" iwe ile kazi ya kuenea, na "ambukizo", wingi "maambukizo", iwe kile kilichoingia mwilini. Ana hoja, lugha yetu inaruhusu. Lakini nilimwambia, mwalimu, kwenye ubao sawa. Mlangoni mwa kituo cha afya, nesi ana wagonjwa arobaini, irabu moja mwishoni mwa neno haitamwokoa mama mdogo. Hata anayesoma taarifa ya habari hataitamka. Mimi nilipendekeza "kuingia wadudu", akacheka, akasema nikiandika hivyo mtu atapulizia kidonda dawa ya mende. Kwa kuwa nimeshaona salfa, sikubisha sana. Tulipofika pamoja ni kwamba maneno yapo na hayajapotea: kidonda kimechafuka, bakteria wameingia kwenye mkojo, minyoo imeingia kwa mbu, surua imeambukizwa. Surua iachieni neno lake, na kifua kikuu, na mafua, maana hayo ndiyo mtu humpa mtu kwa pumzi.

Kwa hiyo ombi langu kwa chumba chako cha habari ni dogo, wala halihitaji kamusi mpya. Msiliache neno "maambukizi" peke yake kwenye kichwa cha habari. Lipeni mwenzake. Maambukizi ya nini, kupitia nini. Kama nafasi ya herufi nyekundu haitoshi, toeni "maambukizi" na mbakize "mbu". Kile kichwa chenu kingesomeka "Mbu waitikisa Kusini", na ni kweli wanaitikisa. Na wenzangu wa vituo vya afya, kama mnasoma, mkiita ndugu wa mgonjwa mlangoni, mwiteni kwa jina la mgonjwa au kwa rangi ya kanga yake.

La mwisho ni sahihisho. Mwishoni mwa habari ile mliandika kwamba chikungunya ni "ugonjwa wenye jina la kigeni". Mhariri, jina hilo ni Kimakonde, na lilitoka hapa hapa. Mwaka 1952 hadi 1953 ugonjwa huo uliwalaza watu wa uwanda huu wa Makonde, na mwaka 1955 madaktari wawili, Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, wakaandika habari zake kwa jina walilolikuta midomoni mwa wenyeji, la kitu kinachompinda mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma hadi huwezi kusimama wima. Limezunguka dunia hilo neno. Mwaka 2005 na 2006 liliwapinda karibu theluthi ya wakazi wa kisiwa cha Réunion, na hakuna aliyelibadilisha.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati ule. Huku juu hakukuwa na maji, waliteremka bondeni alfajiri wakapanda na mtungi kichwani, na maji yakitunzwa ndani siku nyingi, humo humo kwenye mtungi ndimo mbu alimotaga, yule anayeuma mchana. Wao hawakulijua hilo. Lakini bibi aliniambia kwamba katika kijiji chao hakuna aliyeuliza fulani kaupata kwa nani. Asubuhi ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, unabisha hodi, unauliza kama leo wameweza kunyoosha magoti, na aliyeweza ndiye aliyeteremka kuwachotea wengine maji.

Muuza duka la dawa,
Newala, Mtwara